Nimeyazima Maji ya Kwenye Gemu

Jumapili. Mvua imekatika sasa hivi, mtaa wetu wote wa Bwaise unanuka matope, na moyo wangu haujakaa tangu niamke.

Neema mwanangu, nakusalimu. Baba yako anakusalimu, mgongo umempa nafuu kidogo. Furaha mdogo wako anakusalimu, jino la mbele limeng'oka. Bibi anakusalimu, anauliza kila siku kama huko Mbarara unakula. Hata yule kuku mwekundu anakusalimu, maana tangu uende analala juu ya kiti chako.

Ukurasa huu ulinifungulia wewe kwenye simu, ukasema, "Mama, andika tu vile unavyoongea." Basi naongea. Sijui kama unasoma.

Miezi miwili sijasikia sauti yako.

Kwa wasiotujua: mbele ya nyumba tuna kibanda cha gemu, televisheni mbili zimepandishwa juu ya matofali kwa sababu ya mafuriko. Neema ndiye alikuwa mwenye kibanda, na kwenye gemu ya kupigana hakuna aliyemweza hapa. Kuna uwanja mmoja ndani ya gemu hiyo, maji yanakuja ghafla, bila dalili, yanambeba yeyote yaliyemkuta. Watoto wanaupenda sana. Neema aliuchukia. Siku ya mashindano alikuwa anayazima maji kwanza kwenye mipangilio ya gemu.

Siku ya fainali, mshindi aende Nairobi, mteja mmoja akauliza mbona maji hayaji. Nikaogopa watu watasema mashine yetu ni mbovu. Neema alikuwa ametoka nje kunawa uso. Nikamwomba Kato, fundi simu wa jirani, ayarudishe.

Sikumwambia mtu.

Maji yakaja Neema akiwa amebakiza ngumi moja ashinde. Yakamzoa yeye, yakamwacha mpinzani wake, dada mmoja wa mtaa wa Kamwokya, amesimama, mkavu.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Si ndiyo maisha, mama? Hapa Bwaise maji yanapigaga hodi?"

Akaniangalia. "Maji ya nje siwezi kuyazima," akasema. "Yale nilifikiri nimeyazima."

Kesho yake akapanda basi kwenda kwa shangazi yake. Pedi yake ya kuchezea akaiacha kitandani. Shangazi anasema Neema hagusi tena gemu, anajiita mtu wa kusahau, hafai mashindano.

Neema, hukusahau. Ni mimi.

Nimebishana na Kato wiki nzima, niyazime maji au niyaache. Yeye anasema, "Mama Neema, bila maji mnyonge atamshinda nani? Acha naye apate bahati." Zamani ningemuunga mkono. Tulipokimbia Kongo barabara iligawanyika mbili, sisi tukashika ya kushoto, majirani zetu ya kulia, nao hawakufika. Hatukuwa na akili kuwazidi. Ni bahati tu, na mimi bahati hiyo naishukuru mpaka leo.

Lakini mimi nilikuwa natazama mbele. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, umegeuza shingo. Yaliyobaki nyuma uliyaona wewe.

Labda ndiyo maana ulitaka sehemu moja tu duniani, hata iwe ndogo kama kioo cha televisheni, ambapo kinachomwangusha mtu ni ngumi ya mwenzake, na ngumi yenyewe ameiona ikija.

Sikukuelewa. Mama yako shule aliishia la tatu, lakini hili halikutaka shule.

Leo nimeyazima mwenyewe, Furaha akinisomea maandishi ya kwenye kioo. Nimekaa kwenye uwanja ule nusu saa nikipigwa na mtoto wa jirani, nikingoja. Hayakuja. Watoto wamenuna, wanasema Mama Neema ameua gemu. Wanune.

Pedi yako nimeifunga kwenye kitenge, iko juu ya kabati, pale maji hayajawahi kufika.

Ukisoma hapa nitumie neno leo leo, usingoje kesho. Hata likiwa la hasira, mwanangu, nitalipokea.