Ile Positive ya Mutheu

Doha, Jumapili

Mama, mwaitu wangu,

Kabla hujaniuliza, mimi ni mzima, nakula, nasali, na bado nafua mashuka pale pale hospitalini. Wewe je? Goti limepunguza maumivu? Ndengu za kule chini zimeshika, au jua la Kathonzweni limezifanyia mambo yake? Nauliza kwa moyo wote, lakini leo akili yangu haitulii. Kila nikipiga simu na kutaja jina la mke wangu Mutheu, unakata. Barua haikatwi. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Juma lililopita tulipimwa damu sote tunaofanya kazi hapa, maana vibali vinafanywa upya. Nikapewa karatasi yangu, nikaona neno moja tu: Positive. Nilikaa sakafuni kati ya mashuka machafu nikalia, nikikumbuka nilivyomtukana Mutheu kwa simu siku mliponiambia karatasi yake ina neno hilohilo. Nikajisemea, kumbe aliyeleta ukimwi nyumbani ni mimi.

Kuna nesi hapa anayetoka Mwingi, Dada Halima. Akaichukua ile karatasi, akaisoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe Musyoka, wacha drama! Hii ni blood group, aina ya damu yako. O positive. Hata mimi niko positive, na nusu ya Mwingi. HIV yako iko hapa chini, huna kitu."

Nikamwonyesha kwenye simu picha ya karatasi ya Mutheu, ile niliyotumiwa na dada yangu Ndanu. Hapo hakucheka tena. Aliniuliza mara mbili, "Huyu mama ako wapi saa hii?"

Ngoja nikueleze alivyonieleza, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Damu ya watu wengi ina alama fulani. Ukiwa nayo wanaandika positive, ukiikosa wanaandika negative. Si ugonjwa, ni maumbile, kama mtu kuzaliwa na mwanya. Mimi ninayo, Mutheu hana. Mtoto akirithi alama yangu, siku ya kuzaliwa damu yake kidogo huingia kwa mama, na mwili wa mama huiona kuwa ni ya mgeni, ukaanza kutengeneza askari. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Anayefuata ndiye askari hao humvamia tumboni. Iko sindano ya kuwazuia, lakini mama aipate ndani ya siku tatu baada ya kujifungua.

Unakumbuka Mwikali wetu alipozaliwa? Kitabu cha kliniki cha Mutheu kiliandikwa O Negative. Ukapiga vigelegele pale wodini, "Negative! Mungu ni mwema!" na Jumapili ukatoa ushuhuda kanisani. Nesi alituambia tungoje sindano ikatafutwe. Ni mimi, mwaitu, wala si wewe, niliyemjibu, "Madam, mtu ako negative anadungwa ya nini?" Tukaenda nyumbani tukiimba.

Ndiyo maana yule kijana wetu aliyefuata alizaliwa wa manjano mpaka macho, akaishi siku mbili. Halikuwa jicho la mtu. Hayakuwa maziwa ya Mutheu, wala yale uliyosema kuhusu ukoo wao. Ulikuwa ni mdomo wangu.

Sasa hii karatasi yake ya majuzi. Mlisoma neno la mwisho mkaacha yaliyotangulia. Haikuwa ya kupima ukimwi. Ilikuwa inatafuta wale askari, na positive yake ni kusema kwamba tayari wamo damuni mwake. Dada Halima anasema ile sindano sasa imechelewa, haiwezi kuwaondoa. Kilichobaki ni hospitali kubwa, wamwangalie mtoto kila mara, na ikibidi wamwongezee damu akiwa bado tumboni, au wamtoe mapema. Mutheu ana mimba ya miezi saba, tangu ile likizo yangu. Tangu umfukuze ni wiki tano, na kitabu chake cha kliniki kiko kwenye kabati lako. Amezima simu. Nilipompigia baba yake aliniambia, "Usipige hapa tena. Ulisema msichana wangu ni malaya, sasa unataka nini?"

Na hata ingekuwa ni ule ugonjwa, ndiyo mja mzito atupiwe nguo nje? Nimekukasirikia, mwaitu, sikufichi, na nimejikasirikia zaidi. Wanasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Haya yajayo hayana siku nyingi. Sijui kama mtoto bado anacheza tumboni. Najiuliza hilo hata nikikunja mashuka, nakosea hesabu, naanza upya.

Bosi amekataa kuniachilia mpaka kibali kitoke. Kwa hivyo nenda Kalamba, kwao Mutheu, wewe mwenyewe. Ukimtuma Ndanu, watasema tumewadharau. Usingoje wazee wakae kikao, wala usitafute mbuzi wa kupeleka kwao. Mbuzi nitawapeleka mimi nikija. Beba kitabu, mbebe na Mwikali, amemlilia mama yake vya kutosha. Ukifika, omba msamaha kwanza, wako na wangu, ndipo useme habari za damu. Asipotusamehe hatapanda gari la kwenda hospitali kubwa.

Nisalimie Ndanu aliyethubutu kunitumia ile picha. Msalimie mama mdogo wa Sultan Hamud dukani kwake, na mchungaji, umwambie aombe lakini asikucheleweshe.

Mwanao asiye na mwingine wa kumwomba,
Musyoka

Nimesahau jambo. Aliyekuletea barua hii ni Kilonzo, tunafua pamoja, amekuja likizo. Nimemwambia aje na gari na asikubali kiti. Najua utataka kumpikia chai. Usimpikie, mwaitu. Vaa viatu.