Kopo la Misumari Halikulia

Fundi wangu,

Maharage yapo jikoni, yapashe moto tu. Usiyaunge tena! Dawa ya goti umeze ukishakula.

Sasa hili. Chupa ya mafuta ya alizeti niliichora mstari kwa kalamu Jumatatu. Leo Ijumaa, hayajashuka hata tone, na mayai unakaanga kila asubuhi. Unakaangia mate?

Leo kitasa kimelegea, nikafungua sanduku lako la kazi nitafute bisibisi. Nikasogeza kopo la misumari, halikulia. Ndani mna mafuta ya mgando, na kijiko juu! Daktari alikwambia nikiwa nimekaa pale pale: mafuta ya aina hiyo yakizidi yanaweza kuchochea uvimbe mwilini. Wewe goti likiuma unasingizia baridi. Jana umepanda ngazi ukipumzika mara tatu, nikajifanya sioni.

~~Nimelitupa.~~ Sijalitupa. Nimelirudisha, ila humo ndani nimechora mstari. Jioni nitapima.

Binti yetu anaolewa mwezi ujao. Nataka umsindikize kwa miguu yako, si kwa mkongojo.

Mama watoto

Kopo la rangi nalo usijisumbue. Nimeshachungulia.