Nimeiba Karata Saba za Mke Wangu

Mpendwa Bi Nuhad,

Naomba unisaidie kwanza, kunicheka utanicheka baadaye, maana hapa nilipo nimejifungia bafuni na bomba nimelifungulia ili mke wangu adhani naoga. Mimi ni daktari wa meno hapa Furn el-Chebbak, Beirut, na mke wangu Rindala ni mwalimu wa jiografia, tumeoana miaka kumi na tisa, na ana karata za taroti, zile kubwa zenye picha, lakini usije ukamwita mpiga ramli, atakuchambua ujute, kwani kila mkesha wa mwaka mpya wale watabiri wakitokea kwenye televisheni kutuambia nani atakufa na serikali ipi itaanguka, yeye huizima na kusema, “Hao wanatabiri, mimi natafakari,” na asubuhi ya tarehe mosi hukaa roshani na kahawa yake, huchanganya karata, huvuta moja, hujiuliza swali kutokana na ile picha, akaandika kwenye daftari, basi, hana zaidi.

Tatizo ni kwamba maswali anajiuliza yeye lakini macho yananitazama mimi. Mwaka mmoja ulitoka Mnara, jengo linapasuka na watu wanaanguka kichwa chini, akasema, “Mume wangu, ni kitu gani humu ndani kimepasuka na sisi tunakipaka rangi tu?” Nikamjibu, “Dari la bafu.” Akanitazama kama anamtazama mwanafunzi aliyeulizwa mji mkuu akataja mto. Mwaka uliofuata akatoka Mtawa, mzee na taa yake, peke yake mlimani, basi akafunga begi akaenda kwa dada yake mjini Zahle wiki mbili, kutafakari alisema, nami nikala maharage ya kopo nikalia, nasema ukweli, nililia jikoni nikiwa nimesimama.

Aliporudi nikamwiba Mtawa. Na Mnara. Na kwa kuwa mkono ulishazoea nikaongeza Mauti, Shetani, Hukumu, yule Aliyening'inizwa, na Mwezi, ambao haukunikosea kitu, una mbwa tu, zote nikazitia kwenye bahasha ya picha za eksirei za goti langu.

Sasa ni mwaka wa tatu, anavuta Jua, anavuta Nyota, haniulizi chochote, nikadhani nimepata amani, kumbe, Bi Nuhad, nyumba imekuwa kimya mno, swali pekee ninaloulizwa ni kama chumvi ipo, na mara nyingine natamani anitazame hata kwa hasira. Halafu mwaka huu akavuta yule Malkia aliyeketi kwenye mito laini, akacheka peke yake, akafunga daftari bila kuandika neno, akasema, “Roho yangu, nimeona moyo wangu una nafasi. Nimempigia mama yako. Anakuja kukaa nasi.”

“Siku ngapi?”

“Siku gani, mpenzi? Moja kwa moja.”

Mama yangu yuko Batroun, ana miaka themanini na sauti ya miaka ishirini, nami nilioa mapema, Mungu anisamehe, nusu kwa mapenzi na nusu kwa kumkimbia yeye. Jana amenipigia: “Mwanangu, kile chumba chenye jua nitachukua mimi, nyinyi mtazoea. Na nakuja na friji yangu, yenu siiamini.” Anafika Jumamosi. Nikikiri, Rindala ataondoka, na safari hii haitakuwa wiki mbili. Nikinyamaza nitabaki na mama yangu na mke asiyeniuliza kitu. Sitaki aondoke. Nifanyeje?

Mwizi wa Furn el-Chebbak

Mwizi wangu,

Nimekucheka, nimemaliza. Sasa funga hilo bomba, shida ya maji ya mtaa wenu naijua.

Pole. Mwanamume anayelia jikoni juu ya kopo la maharage anampenda mkewe, hilo sikunyimi. Lakini ni mwoga wewe! Mwenzio alikuwa anabisha hodi kila mwaka mpya, nawe badala ya kuitika ukaenda kung'oa mlango. Na usimsingizie Mtawa wa watu. Hakumpeleka Rindala Zahle, ni lile jibu lako la dari.

Sasa kaa chini. Mimi pia ninazo karata hizo. Hizo kubwa ni ishirini na mbili, kila moja na namba yake, na kabla ya mwaka mpya sisi tulio nazo huzipanga zote mezani kwa namba, tukazifuta vumbi moja moja. Jozi iliyopungukiwa saba mtu huitambua hata akifumba macho, kwa wembamba wake mkononi. Unadhani mwalimu anayehesabu watoto wa watu kila asubuhi ameshindwa kuhesabu picha? Rindala anajua, bwana. Amejua tangu mwaka wa kwanza. Amengoja umwambie, amengoja, na alipochoka kungoja akampigia mama yako simu. Unafikiri alikuwa anacheka nini? Mpe salamu zangu, nimempenda.

Fanya hivi. Mpigie mama yako leo, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, umwambie chumba hakipo. Atakulaani, lakini ni mama, kabla ya Pasaka atakuwa amekuletea zeituni. Kisha ichukue ile bahasha umkabidhi Rindala mkononi, mchana, mkiwa mmekaa. Usizirudishe kinyemela. Usilete maua. Na ole wako useme ulikuwa unamlinda, nitakuja mwenyewe kumsaidia kufunga mizigo. Mwambie, “Niliogopa utaondoka.” Halafu mwache achanganye zote, avute atakayoivuta, na akikuuliza jambo, mjibu hilo alilouliza, hata kama jibu lenyewe ni “sijui”.

Anaweza kuondoka, sitakudanganya. Lakini mwanamke aliyejua kuwa ameibiwa, akabaki na mwizi nyumba moja miaka mitatu akingoja aseme, hatafuti njia ya kutoka.

Bi Nuhad