Usishuke Bwawani na Hiyo Paipu

Maskati, Oman

Kwako ndugu yangu Nyaga,

Habari za hapo Kiritiri? Mama bado anaumwa na magoti? Mbuzi wamepata majani ama jua limemaliza kila kitu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu huwa unacheka kabla sijamaliza. Muthoni wa mtaa wa Dallas pale mjini, tuliyekuja naye huku kazini, anarudi Embu kesho. Yeye ndiye atakuletea.

Uliniuliza vile watu huanza kuogelea na mrija mdomoni, na ukataka nikutumie vifaa. Unajua nilitolewa kufua mashuka hotelini, nikapelekwa kwenye boti ya wageni. Huko nilimkuta Zuwena, msichana wa hapa ambaye nyanya yake alitoka Zanzibar, na Kiswahili chake ni kile tulichosoma vitabuni. Yeye ndiye alinifundisha, mimi mtu wa Mbeere niliyezoea maji ya karai.

Alianza na maski, ile ya kioo inayofunika macho na pua. "Usivute mkanda kwanza," akaniambia. "Ibandike usoni, vuta pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe ni yako. Ikianguka iache, hata kama ni nzuri." Mbili zilianguka kabla sijapata yangu. Unywele ukiingia chini ya mpira, maji hupita. Mapezi ya miguuni nayo yasibane wala kuchopoka. Siku za kwanza nilisimama tu kwenye maji ya kifuani, uso ndani, nikijifunza kupumua polepole kwa mdomo. Ile pumzi yangu ilijaa masikioni hadi nikadhani kuna mtu amesimama nyuma yangu.

Nikamuuliza kwa nini mrija ni mfupi hivyo. Mrefu si ungemfikisha mtu chini?

Akaacha kucheka. "Ukiwa mrefu, hewa chafu uliyoitoa inabaki ndani, unaivuta tena. Na maji yanakubana kifua mpaka huwezi kuvuta kitu. Mtu hulala tu, Wambeti."

Ndugu yangu, mama ameniambia umekata paipu ya kumwagilia shamba la muguka, ndefu kuliko wewe, eti ndiyo mrija wako, na wenye nyavu wamekupa kazi ya kuzinasua kwenye ile miti iliyozama bwawani. Niliposikia hivyo nikatafuta kalamu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mama. Mwezi uliopita kamba ya nanga yetu ilinasa kwenye mwamba. Zuwena akavaa maski, akaanza kupumua haraka haraka ili ajaze kifua. Nikamwambia, "Ngoja nahodha avae, mshuke wawili."

"Ni hapo tu," akasema. "Mwamba wenyewe nauona."

Akashuka. Nilimwona akishika kamba, kamba ikalegea, akageuka kuja juu. Halafu akaacha kupiga miguu. Hakuhangaika. Alisimama tu katikati ya maji kama mtu aliyesahau kitu. Nahodha alipomfikia na kumpandisha kwenye boti, alikuwa ameenda. Maski ilikuwa imemkaa vizuri, ndani hakuna hata tone. Nahodha alisema kule kupumua haraka humdanganya mtu, hasikii hamu ya hewa mpaka akili inazima.

Na hayo ni maji ambayo unaona vidole vyako vya miguu. Bwawa letu ni tope, ukinyoosha mkono huuoni. Huko chini kuna miti ya shamba la babu ambayo hakuna aliyeikata kabla maji hayajaja. Mamba unawajua kuliko mimi. Vifaa sitatuma, Nyaga. Kasirika ukitaka.

Hapo juu niliacha kalamu nikakupigia simu. Hupatikani. Nikampigia mama.

"Alitoka jana na wenye nyavu," akasema. "Walilala huko huko. Hiyo ndiyo kawaida yake akipata kazi."

"Paipu iko wapi, mama?"

Alienda kuangalia nyuma ya jiko. Alikawia. Aliporudi alisema haiko.

Nimemwambia amtume baba mdogo na pikipiki. Ametoka, na huko bwawani hakuna netiwaki. Muthoni amekuja kuchukua barua, ananingoja mlangoni.

Msalimie mama, na baba mdogo, na yule jirani yetu mwalimu wa kwaya, mwambie nakumbuka sauti yake. Watoto wasikaribie maji.

Ukiishika karatasi hii, nipigie kabla hujaikunja. Na kama ni mkeo Ruguru ameifungua, basi wifi yangu, nipigie wewe.

Ni mimi dada yako,
Wambeti