Anayelala Uani Hajapona

Mpendwa Bi Veneranda, shikamoo. Naomba msaada wako kabla Idi haijapita, maana baada ya Idi anakuja bwana wa bima kutoka Tabora, na mimi ndiye nitakayeulizwa, na lolote nitakalojibu naona litamwumiza mtu ninayempenda.

Mtu huyo ni mke mwenzangu. Najua wasomaji watacheka, mke mwenza kumpenda mke mwenza, waache wacheke. Mwamini ndiye mke mkubwa, mimi nilimkuta, na siku niliyoingia nyumba ile ya Ujiji nikiwa nimejiandaa kwa vita alinipokea na chai akanionyesha kopo la chumvi lilipo, na tangu hapo sijasikia neno chafu kinywani mwake. Wakimbizi wa Zaire walipoanza kushuka ufukweni na watoto wamelowa, sisi wengine tulikuwa bado tunaulizana hawa watakula nini, yeye alishajitwika sufuria lake la harusi akaenda kuwapikia uji kwa unga wake mwenyewe, mpaka watu wa misaada walipomwona wakampa unga na kuni na wanawake wa kumsaidia, na hadi leo watoto wa pale kwenye uwanja wanakopokelewa wakimbizi wanamwita Mama Uji.

Sasa basi, mwezi wa Novemba lori lilileta unga pale, dereva akafungua ubao wa ubavuni wakati shehena imeegemea upande huohuo, magunia yakaporomoka yakamfunika Mwamini. Bi Veneranda, walimfukua. Alitoka mweupe kwa unga, mbavu zimevunjika, unga mdomoni, unga puani, na alipopata pumzi ya kwanza aliuliza kama kuna mtoto amebaki chini. Lori ni la Mzee Mwinshehe, jirani yetu, mtu mwema, hakukana: alilipa hospitali yote, akaja na wazee na mbuzi na doti ya kanga kutupa pole, tukapokea, dua ikasomwa. Mbavu zikaunga. Mwamini akarudi kwenye sufuria lake, na Ujiji nzima ikasema huyu mwanamke ni chuma.

Lakini haingii ndani. Tangu atoke hospitali hajakanyaga chumba chenye mlango, anakula uani, anaswali uani, wageni anawapokea uani, na analala uani, mvua zikawa zinamkuta hapohapo mpaka wale aliowalisha uji walipomkatia kipande cha turubai wakaja kumfungia wenyewe. Zamu yake ikifika haendi kwa mume, na mume wetu akadhani amenuniwa. Shuka halipandi kupita kifua. Kule kwenye uji unga ukimwagwa sufuriani anageuza uso akashika ukingo wa kanga mpaka vumbi litulie, ndipo anashika mwiko na kuanza kuimba. Mimi niliona aibu kulala kitandani peke yangu, nikatandika mkeka wangu kando yake, kwa hiyo najua anavyoshtuka akitapatapa na kujipangusa mdomo, na asubuhi ukimwuliza anasema ni mbu.

Tabibu mmoja wa pale uwanjani, Bonifasi, naye ni mkimbizi wa Burundi, alimtazama muda akatuambia huo ni ugonjwa, una jina na una tiba, amewaona nao wengi wa kwao waliopita kwenye makubwa, na kwamba lori lina bima na madhara ya moyoni yanadaiwa kama mbavu zinavyodaiwa. Tukaandika madai. Mzee Mwinshehe akakasirika, akasema mbuzi wangu mmemla, na ni mgonjwa gani huyo anayekoroga uji wa uwanja mzima huku anaimba.

Hapo ndipo shemeji yetu Faridi alipojifanya wakili. Anasema Mwamini aache uji, alazwe chumbani, pazia lishushwe na mlango urudishwe, bwana wa bima akute mgonjwa kama wagonjwa wengine, na mimi niape kwamba haamki wala hali. Mwamini alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Faridi, ningeweza kulala humo ndani, ningekuwa nadai nini?" Watu wakacheka. Faridi akasema we jitahidi tu, ni siku moja, na mume wetu kanyamaza, na kwa tabia yake akinyamaza amekubali.

Basi nifanyeje? Nikisema kweli kwamba kila siku anaamka kwenda kupika, atanyimwa, na mtaa mzima utasema mke mwenza kamkosesha mwenzake haki kwa wivu. Nikisema uongo, Mwamini hatanisamehe, na nahofu chumba kile kitamwua kabla bwana wa bima hajamaliza chai yake. Mwenyewe anachotaka ni tiba tu. Nisaidie, na jina langu usilifiche.

Safina, Ujiji.

Safina, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisoma kwa ajili ya kumfurahia huyo Mwamini tu. Mtu anafukuliwa chini ya magunia, hewa hana, anaulizia mtoto. Mfikishie salamu zangu za heshima. Tena mwambie kwangu mimi ameruhusiwa kusema kwamba si mbu.

Sasa nikugombeze, wewe na nyumba nzima. Kesi yenu yote aliisema mgonjwa mwenyewe mbele yenu kwa maneno machache, na mkacheka! Mnahangaika kumtafutia ugonjwa wa kuigiza, na ule wa kweli upo uani, mnaupita kila asubuhi mkienda kuchota maji. Mmezoea mgonjwa ni yule wa kitandani, watu wanaingia kwa kunong'ona, kwa hiyo aliye nje mnamhesabu mzima. Huyu yuko nje kwa sababu ni mgonjwa. Faridi akimfungia chumbani hiyo siku moja atakuwa amemwangushia magunia mara ya pili, na mwambie nimesema mimi.

Wala usiogope kusema kwamba anapika. Hakuna aliyewaambia anayedai fidia ni lazima akae bure. Sema anapika, na sema anapikaje. Bwana wa bima akifika, mkaribisheni hapohapo uani, akae chini ya turubai, aone matandiko ya mama mwenye nyumba yake, aulize mwenyewe yanafanya nini nje. Asubuhi yake mpelekeni penye uji, asimame karibu unga unapomwagwa, na mtu yeyote asimfafanulie kitu. Ana macho.

Kabla ya hapo, Bonifasi aandike alichokiona, na daktari wa hospitali aliyetibu mbavu naye amwone Mwamini na kuandika cha kwake, maana watu wa bima hupenda kuuliza karatasi ya mkimbizi ina uzito gani. Ombeni gharama ya tiba na ya muda atakaokuwa kwenye tiba. Msitie chumvi hata chembe. Wakigundua uongo mmoja, na ya kweli yote wataitupa.

Kwa Mzee Mwinshehe aende mume wenu, tena aende leo, Faridi abaki nyumbani. Amwambie mbuzi tulimla na dua tuliitikia, ujirani uko palepale, na mfukoni mwake hatugusi; lori limekatiwa bima kwa ajili ya siku kama ile. Kisha amwombe aje aketi na Mwamini uani jioni moja. Mtu aliyekuja na mbuzi bila kuitwa hana roho mbaya, hajaelewa tu. Na akitoka huko, mume wenu mwambieni hakuna aliyekataza mkeka wa tatu. Hajanuniwa huyo, anangojwa.

Nimebakiza la kwako. Unaogopa watasema ni wivu. Safina, mke mdogo aliyeachiwa zamu zote mbili na kitanda kizima, akaviacha akaenda kulala chini ya turubai kwenye mvua, huyo ndiye shahidi ambaye hata mimi ningemwamini nikiwa nimefumba macho. Sema ulichokiona na ulichokisikia, basi. Atakayekuuliza habari za wivu mwonyeshe mkeka wako uko wapi.

Na mkeka huo usiukunje siku fedha za bima zitakapofika. Ukunje siku Mwamini atakapoingia ndani kwa miguu yake, akarudisha mlango kwa mkono wake, akakuambia nawe nenda kalale.