Marehemu Aliyevaa Tai

Shoga, nimekwisha. Ndiyo kwanza tumetoka kwenye usaili wa binti yangu, ile shule inayochukua vichwa tu.

Kumbe kwenye insha ya kuomba nafasi kaandika baba yake alishafariki! Eti mwalimu wa tuisheni alimwambia insha za huzuni ndizo zinazopita.

Na marehemu mwenyewe kakaa pembeni yangu, kavaa tai!

Mkuu wa shule alipomaliza kutusomea insha, akamgeukia: "Na wewe ni nani wake?"

Mtoto akainamisha kichwa.

Mume wangu akakohoa. "Mjomba."

MJOMBA, shoga! Yeye aliyekesha naye akimfundisha hesabu mwaka mzima!

"Poleni sana. Basi mjomba, tuletee cheti cha kifo cha baba yake, nafasi ipo."

Akajibu, "Sawa."

Tuko kituo cha basi. Mtoto hathubutu kumwita baba.