Salamu za Chini ya Barua

Dada yangu mpenzi,

Kumbe hukuamini niliposema kwamba kusikiliza kunafundishwa darasani! Umeniuliza mara mbili, basi leo nitakujibu vizuri, maana safari iliyopita nilijaza ukurasa mzima kwa habari za mume wangu nikasahau swali. Lakini kwanza, hujambo? Mgongo umepona? Wanafunzi wako wanakutii? Sisi huku wazima, tunakula, tunalala, na mimi bado namtazama mume wangu akilala nikishangaa kwamba ni wangu.

Utajiuliza kwa nini barua hii imekufikia shuleni na si nyumbani kama siku zote. Nimempa rafiki yako mwalimu wa hesabu, aliyekuja huku kumwona mama yake, na nimemwomba akukabidhi mkononi. Sababu utaiona mbele. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Ndoa ni tamu, dada, sikufichi. Mwoka mikate wangu anarudi asubuhi na unga kwenye nyusi kama babu wa miaka themanini. Namfuta kwa kitambaa, naye ananitolea mfukoni kipande cha kwanza cha mkate, kile cha pembeni chenye ukoko, anasema hiyo ni haki ya mke. Nikimtazama akipiga miayo, najiambia, haya ndiyo niliyoyaomba.

Sasa darasa. Tuko watu kumi na wanane, tunajiandaa kuwa wasaidizi wa ushauri katika zahanati na ofisi za ustawi. Kila alasiri tunafanya zoezi, watu watatu watatu. Mmoja huvuta kadi yenye shida fulani, huisoma kimya, huilaza kifudifudi, kisha huisema kana kwamba ni yake. Wa pili husikiliza. Wa tatu ni mtazamaji, hukaa kando na fomu akiweka alama: msikilizaji amekatiza? Ametoa ushauri kabla ya kuombwa? Ameuliza kinachotakiwa, au ameamua mwenyewe? Na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba kinachosemwa kwenye kile kiti hakivuki mlango. Mimi, ambaye wewe mwenyewe ulinibandika jina la Kasuku, nalo limenifuata hadi darasani, siku ya kwanza nilikatiza mara kumi na moja. Mkufunzi wetu, muuguzi mstaafu mwenye sauti ndogo, akaniambia nina moyo mzuri, tatizo ni mdomo kuutangulia.

Kundi langu lina kinyozi mmoja, ambaye husema amesikiliza vichwa vya watu miaka ishirini na hakuna hata kimoja kilichorudi kumshukuru. Mwingine ni mwanamke wa rika lako, tunamwita Pasi kwa jinsi nguo zake zinavyonyooka. Mumewe alikuwa akimfuata kila siku. Saa kumi na nusu kamili yuko getini na mwavuli, anampokea mkoba, wanaondoka bega kwa bega. Niliwaonea wivu, dada. Kesho yake nilimnunia mume wangu asubuhi nzima, eti mbona yeye hajawahi kunisubiri getini. Akacheka, akasema saa hizo anapima unga, na unga haujui mapenzi.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita ilikuwa zamu ya Pasi kusema, kinyozi kusikiliza, na mimi kutazama. Alivuta kadi, akaisoma, akailaza. Akaanza kueleza habari za mwanamke ambaye nyumba yake haina kitu cha kumwonyesha mtu. Hapigwi, na majirani hawajawahi kusikia tusi. Kuna saa tu. Kutoka sokoni hadi nyumbani ni dakika ishirini. Akitumia ishirini na tano, ataeleza zile tano alikuwa na nani. Amejifunza kufunga mlango bila sauti. Siku nyingine huingia bafuni, akafungulia bomba, akageuza ndoo na kuikalia, kwa sababu ndani ya mlio wa maji ndipo mahali pekee asipoulizwa anawaza nini. Aliyasema hayo bila chozi, akikunja upindo wa sketi yake na kuunyoosha kwa ukucha, akikunja na kunyoosha.

Kinyozi alifanya vizuri, hakumkatiza hata mara moja. Mwishoni akamuuliza huyo mwanamke anataka nini.

“Anataka mtu mmoja ajue,” Pasi akasema.

Mimi nilikuwa nimeshalowesha leso. Nilimpa kinyozi alama zote, na chini, kwenye nafasi ya maoni, nikaandika kwamba msemaji ameigiza vizuri ajabu. Darasa zima likapiga makofi. Pasi akatabasamu, akaomba ruhusa ya kwenda kunawa uso.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Jumatano hiyo ilikuwa zamu yangu kukusanya kadi, na chini ya daftari alilolisahau nikaikuta yake. Iliandikwa: “Kijana amefeli mtihani wa mwisho na anaogopa kumwambia baba yake.” Niliigeuza mbele na nyuma. Nikaisoma tena, dada, neno kwa neno. Kumbe Pasi hakuigiza hata neno moja. Alijificha mbele ya macho yetu, na sisi tukampigia makofi.

Nilimpelekea mkufunzi ile kadi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, kama kuna mtu yeyote nje ya darasa anayejua alichokisema Pasi. Nikamjibu hakuna.

Nilimdanganya. Nakuandikia wewe jambo ambalo mume wangu peke yake ndiye aliyelijua kwanza, kwa kuwa aliniona sili. Jumatatu ile, baada ya makofi, nilitoka pamoja na Pasi hadi getini. Mumewe alikuwa pale na mwavuli wake. Nami kwa furaha yangu ya bi harusi mpya, kwa kupenda kwangu watu wapendanao, nikamwambia, shemeji, una bahati, mkeo leo ametutoa machozi darasa zima kwa kuigiza. Akauliza kwa upole ameigiza nini. Nikamwambia. Nilimwambia habari za saa, nikamwambia na za bomba. Nilimweleza hadi ndoo. Pasi alikuwa amesimama kati yetu, na yule bwana akaniambia asante sana, akaufungua mwavuli.

Alhamisi asubuhi nilirudi kwa mkufunzi nikamweleza ukweli wote. Nilitaka twende kule nyumbani saa ile ile, tubishe hodi. Akanizuia. Akasema hodi yetu tutaibisha sisi, lakini atakayeilipia ni Pasi, kwa hiyo kwanza tufikirie ni nani anayeweza kuingia pale bila kuulizwa. Tukatafuta fomu yake ya kujiandikisha, tukakuta jina la mama yake mdogo. Mkufunzi akampigia simu, wakaongea muda mrefu. Ijumaa mama huyo akaenda kwa mkwewe akilalamika kifua na miguu, akamwomba amwachie binti yake akamuuguze siku chache. Mbele ya mgonjwa yule bwana akaona haya kukataa. Pasi akatoka na mkoba mmoja.

Jumamosi alipita darasani kuchukua daftari lake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwomba radhi, lakini machozi yakatangulia.

“Kasuku, usilie,” akaniambia. “Ukilia itabidi nikubembeleze, na mimi nimechoka kubembeleza watu. Kaa unisikilize.”

Nikakaa. Akanieleza kwamba Jumatatu ile walitembea njia nzima yule bwana hasemi neno, amemshikia mwavuli vizuri asilowe. Walipofika, alichukua spana, akaingia bafuni, akafungua koki ya bomba na kuitia mfukoni. Basi. Siku nne ile koki ilikaa mfukoni mwake. Pasi alizungumza karibu nusu saa, na mimi sikufungua mdomo. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Alichukua daftari akaenda, na hatujui kama atabaki kwa mama mdogo wake au atarudi kwa mumewe.

Sasa nakuja kwako, dada yangu. Usiku wa Jumamosi sikuwa na usingizi wala mume, yuko kazini, nikalitoa lile kopo la biskuti ninamotunza barua zako. Kila barua ina salamu za shemeji, mumeo, chini yake, kwa wino wake mweusi. Niliwahi kumwonyesha mume wangu nikamwambia, tazama mapenzi hayo, barua moja mikono miwili. Sasa naona kitu kingine. Naona kwamba hakuna barua yako hata moja iliyotiwa gundi kabla yeye hajaisoma. Nikipiga simu anapokea yeye, na wewe kila mara umelala. Na siku ya harusi yangu, ulipokuwa ukinibana shela kwa pini, uliuliza saa mara nne. Mimi nikasema, kwani umeacha chungu motoni? Wote wakacheka. Wewe pia ulicheka, huku ukitazama mlango. Kisha ukaniambia polepole kwamba raha ya nyumba ni mtu kuweza kukaa kimya bila kuulizwa. Nikakujibu habari za maua.

Huenda nimekosea. Tumefundishwa tusimwekee mtu maneno mdomoni. Kama nimekosea, nicheke mpaka mbavu ziume, nitafurahi sana. Lakini kama sijakosea, basi mtu mmoja anajua.

Usinijibu kwa barua. Nitaendelea kuandika nyumbani habari za mikate na mapazia, usidhani nimesahau. Hii ichane, au mwachie mwalimu wa hesabu.

Mume wangu amenikuta hapa mezani, akauliza aongeze salamu zake. Nikamwambia leo hapana. Hakuuliza kwa nini. Ameniwekea ukoko wangu kwenye kisahani, akaenda kulala. Nimelia kidogo, dada, kwa ajili ya huo mlango aliourudisha taratibu ili asinisumbue, nikiwaza kwamba huenda wewe hufunga mlango taratibu kwa sababu nyingine.

Nisalimie watoto wa darasa lako, na umwambie rafiki yako ahsante. Nitakuja kabla ya mwezi huu kwisha, siku ya kazi, saa ya mapumziko, pale pale shuleni. Siji na ushauri. Nitakaa kwenye dawati la mwisho, nawe utasema utakacho, hata kama ni habari za chaki.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku